Mwongozaji Anayetembea Nyuma

Nelda alidhani ni tortila, chapati ya kwao, inaungua. Akaigeuza, akaikuta nzuri tu, imevimba, haina hata doa. Akazima jiko. Harufu ikazidi. Akanusa taulo, akanusa nyuma ya friji, akachungulia mpaka kwenye oveni ambayo haijawashwa tangu Krismasi. Hakuna kitu. Sasa Nelda akianza kutafuta jambo hatulii mpaka alipate, kwa hiyo akaifuata ile harufu, pua mbele, ikamtoa jikoni, ikampitisha kwenye korido, ikamfikisha sebuleni kwa mumewe.

Lolo Cavazos alikuwa kwenye kochi lake, ametoka majini si muda mrefu, baridi ya Februari imempasua midomo, kainua miguu kwenye hita ya gesi kama kawaida yake. Alikuwa anasimulia, kwa sauti ya kuvuka ukuta, jinsi mwari mmoja, ndege yule mwenye mfuko mdomoni, alivyompora mteja samaki mkononi. Mguu wa kushoto ulikuwa umekaa pembeni huko. Wa kulia, unyayo wake ulikuwa umelala juu ya wavu wa hita, na wavu ulikuwa mwekundu.

"Lolo, toa mguu," Nelda alisema.

"Mguu upi?"

Hapo ndipo Nelda alipoogopa. Moshi haukumtisha, ngozi haikumtisha. Lakini mtu ana moto chini ya unyayo halafu anauliza mguu upi?

Akauvuta yeye mwenyewe. Ngozi ilibaki kwenye wavu, na unyayo ukawa na mistari kama nyama ya kuchoma ya Jumapili. Lolo akautazama kama anatazama mguu wa jirani. Akasema aisee. Akasema unauma, lakini kiasi. Nelda akapiga magoti, akaweka kidole gumba karibu na jeraha, macho yake usoni kwa mumewe, na macho ya mumewe kwenye televisheni.

"Nabonyeza. Unasikia?"

"Nasikia, mama. Taratibu."

"Bado sijagusa."

Lolo kwanza alisema ni leo tu, maji yalikuwa ya barafu. Kisha akasema labda tangu Krismasi. Mpaka Nelda anamaliza kupaka dawa na kufunga kitambaa, imeshafika mwaka juzi. Sukari walijua anayo, vidonge vipo kabatini, anameza siku akikumbuka. Siri ya miguu alikuwa nayo mwenyewe.

Na kazi ya Lolo ni miguu. Pale La Parrita, kwenye ukingo wa Ghuba ya Baffin, boti ni ya kukufikisha tu. Ukifika unashuka, maji mpaka kiunoni, unatembea polepole unaburuta nyayo ili taa, yule samaki bapa aliyelala mchangani, akimbie kabla hajakupa mwiba wake, na kwa nyayo hizo hizo unasoma chini: huu mchanga mgumu, haya majani, haya mawe yaliyojengwa na minyoo, haya matope meusi yanayotunza joto la jua. Majira ya baridi samaki wakubwa wanaoitwa trucha, wale mama wazee wenye madoa mgongoni na urefu wa mkono wa mtu mzima, wanalala pale matope yanapokutana na mawe. Mpaka huo unaweza kuwa upana wa hatua moja. Huwezi kuuona, maji ni rangi ya chai. Unausikia. Wateja wanatoka San Antonio na Houston, wanapita waongozaji wengine wote wa uvuvi, wanamtafuta Lolo, maana watu walishasema yule bwana ana macho kwenye vidole vya miguu.

Nelda naye alikuwa na sehemu yake. Meza ya kusafishia samaki pale gatini ilikuwa yake, na kwa miaka yote ya ndoa kisu chake kimepita kwenye trucha wasiohesabika. Ila wadogo tu. Wakubwa hawafiki mezani. Wanapimwa, wanapigwa picha, wanarudishwa majini na mayai yao, ndiyo desturi ya wavuvi wa pale. Kwa hiyo Nelda wale wakubwa aliwajua kwenye simu za watu. Wadogo aliwajua kwa ndani: kila tumbo alilipasua aone mwenyewe kala nini, kamba, mkizi mdogo, siku moja hereni ya dhahabu. Wenzake walimwona kichaa. Na pamoja na udadisi wote huo, maji wanayoishi samaki hao hayajawahi kumpita kifundo cha mguu.

Kwa hiyo swali lililomkaa kooni jioni ile halikuwa la hospitali.

"Sasa kama husikii," alimuuliza, "hao samaki ulikuwa unawapataje?"

Lolo akaongeza sauti ya televisheni.

*

Kliniki walimkuta Yesenia, binti wa jirani yao wa nyuma, siku hizi muuguzi. Lolo angetamani amkute mtu yeyote mwingine duniani. Huyu alikuwa anapewa peremende kwenye boti yake kila Pasaka, leo anamwambia avue soksi.

Yesenia alitoa kijiti chenye uzi mfupi wa nailoni mbele yake. Lolo akaucheka.

"Huo si mshipi huo? Mnavua humu?"

"Ni kama mshipi, mjomba. Fumba macho. Nikikugusa na uzi, sema 'sasa'."

Akafumba, kidevu juu, kama mtu anayesubiri komunyo. "Sasa," alisema. Yesenia alikuwa bado anavuta kiti. "Sasa," akasema tena. Nelda aliona uzi ukibonyea kwenye kidole gumba, ukipinda kama ufito wenye samaki, na mumewe kimya. Uzi ukaondoka, ukabaki hewani. "Sasa." Alikuwa anakisia. Alikuwa anayarusha maneno yake jinsi mteja mgeni anavyorusha ndoano, popote, akiamini kitu kitakuwa kimepita. Ilipofika unyayo wa pili Yesenia akageuza uso, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Nelda alitaka kuangalia pembeni pia, akashindwa. Alikuwa anataka kujua mpaka ni wapi. Je, kisigino? Je, kifundo? Alifuata ule uzi kwa macho mpaka ulipofika juu ya kifundo, na pale ndipo Lolo alipotikisika kidogo na kusema "sasa" ya kweli. Kumbe mtu wake anaanzia pale.

Daktari alikuja, akafunga jeraha, akaandika dawa, akatoa amri moja. Mguu ule usiguse maji ya ghuba. Kuna vijidudu mle vinapenda ngozi iliyo wazi, vikiingia asubuhi, jioni una homa, na kesho yake tunazungumzia kukata kwenye goti. Lolo akauliza mpaka lini. Daktari akasema mpaka ngozi ifunge, halafu hata ikifunga, kwa miguu hii, habari ya kutembea majini imekwisha.

"Alhamisi nina wateja," Lolo alisema.

Daktari hakumjibu yeye. Alimtazama Nelda, kama vile Lolo ni mtoto na mama yake ndiyo huyo hapo.

Nje, Nelda alinyoosha mkono kudai ufunguo wa gari. Lolo akashangaa kwa nini. Nelda akamuuliza breki huwa anaikanyaga na kitu gani. Ufunguo ukatolewa.

Njiani, mashamba ya mtama yaliyovunwa yakipita pande zote mbili, Lolo ndipo alipojibu swali la jana, uso dirishani. Alisema siku hizi hatangulii. Anawaambia wateja watangulie, wao ndio wamelipa, wapate nafasi ya kwanza. Yeye anabaki nyuma anaangalia magoti. Mtu akikanyaga mchanga, kiuno chake kinakaa sawa. Akiingia kwenye matope, anachelewa kunyanyua, bega moja linashuka. Akifika kwenye mawe ya minyoo, mikono inaruka kama ya mlevi. Basi Lolo anasema, hapo hapo, simama, rusha kushoto.

Nelda alikasirika, kweli, lakini chini ya hasira alikuwa anafikiria kiuno kinachokaa sawa na bega linaloshuka, na akajikuta anatamani kuona.

*

Shida ya Alhamisi ilikuwa hii: mteja ni Pruett, daktari wa meno kutoka San Antonio, anayekuja kila mwaka na kuwaleta wenzake. Alishalipa nusu. Nusu hiyo ilishaingia kwenye pampu ya injini ya boti. Wakimkatalia hawana pesa ya kumrudishia, na akienda kwa mwongozaji mwingine harudi, wala wale wenzake hawarudi.

Mwongozaji mwingine mwenyewe alifika mchana na mkate mtamu kwenye mfuko wa karatasi. Chano Longoria, baba wa ubatizo wa binti yao, anayempenda Lolo kama ndugu na wateja wa Lolo zaidi kidogo. Alikuwa ameshasikia, La Parrita habari inafika kabla ya gari. Lolo akamwambia ni mafuta ya kupikia yamemwagika.

"Ulikuwa unapika nini, kompadre? Miguu?"

Wakacheka wote wawili, Lolo akizidisha. Chano akauma mkate wake alioleta mwenyewe, akasema watu wanaongea bwana, eti Lolo siku hizi anatembea nyuma ya wateja kama mchunga mbuzi. Akasema kama ni kumsaidia na yule wa meno, kwa muda tu, yeye yupo, na nusu ya malipo atamletea. Alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa umeshakaa kwenye kiti cha Lolo. Lolo akamshukuru, akasema mpaka Alhamisi mguu utakuwa umepona. Chano akatazama kitambaa, akamtazama Nelda, akaondoka.

Nelda alisema mpe Chano wateja. Lolo akasema bora auze boti. Nelda akasema basi uza. Lolo akauliza, halafu awe nani, mtu wa kukata majani shuleni? Wakazozana mpaka maharage yakakauka sufuriani. Mwisho Nelda akasema neno ambalo lilikuwa limemjaa mdomoni tangu kwenye gari.

"Nitaingia mimi."

Lolo alicheka mpaka akashika mbavu. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Wewe utakaa botini," Nelda aliendelea. "Mimi nitatangulia, utaangalia magoti yangu. Ukishusha mguu hata kidole, namwita Chano hapo hapo aje awachukue."

Lolo akaapishwa kwa kaburi la mama yake. Kisha, kwa sababu hakuna tena njia, akamsimamisha mkewe kwenye zulia la sebuleni, soksi miguuni, akaanza kumfundisha. Buruta. Usinyanyue. Ukinyanyua ukakanyaga, taa anakuchoma, ukiburuta, anakuhama. Mikono chini. Usitazame maji, yatakudanganya. Nelda akaburuta kutoka kochi mpaka mlangoni na kurudi, na kila akigusa chochote kwa kidole alitaka kujua chini ya maji kinakuwaje. Lolo alianza kujibu kwa uchovu. Baadaye akawa anajibu macho yamefumba, mikono inapapasa hewani, anatafuta maneno ya vitu ambavyo hajawahi kumwambia mtu. Matope mazuri, alisema, ni kama kukanyaga siagi iliyotoka kwenye friji. Akafumbua macho. Akasema, zamani.

*

Alhamisi jua lilitoka kali baada ya siku mbili za upepo wa kaskazini, siku yenyewe hasa ya kuyapasha moto matope. Pruett alikuja na shemeji yake, jina Randall, mtu mkubwa mwenye mavazi mapya yanayonuka duka. Lolo aliwaambia ameteguka kifundo. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la barafu, mguu umefungwa soksi tatu na mfuko wa nailoni, upondo mkononi wa kusukumia boti kwenye maji haba.

Randall alimwangalia Nelda, aliyekuwa amevaa ile suruali ya mpira ya Lolo, imefungwa kamba kifuani isimvuke kichwa, akamuuliza kama yeye ndiye wa chakula. Nelda akasema chakula kipo pia, akampa tortila ya mayai na soseji ya choriso. Pruett yeye alipandisha tu unyusi mmoja, na unyusi ule Lolo aliubeba njia nzima.

Walipofika, Nelda akashuka wa kwanza. Baridi ilimbana mapaja hata kupitia mpira. Akasubiri aogope. Badala yake akajikuta anasikiliza kwa miguu. Mchanga, mgumu, una mikunjo midogo kama ubao wa kufulia. Akaburuta. Majani yakamshika kifundo, yakamwachia. Kitu kikapiga mbio kando ya buti lake, kipana, kikaacha wingu la vumbi ndani ya maji, na Nelda akasimama mdomo wazi, siyo kwa hofu, ila kwa sababu ndiyo mara ya kwanza taa kumhama yeye.

Walitembea hivyo, Nelda mbele, wanaume wawili nyuma yake wakirusha ndoano zenye samaki wa mpira, na boti ikinyemelea pembeni. Lolo alikuwa anasema kwa sauti ndogo, kwa lugha ya nyumbani: kulia kidogo, mama, bega limeshuka, umegusa. Na Nelda kweli alikuwa amegusa. Alizama mpaka nusu ya shavu la mguu, laini, uvuguvugu unaopanda, akataka kukaa hapo hapo.

Chano alipita kwa mbali na wateja wake. Akapunguza injini. "Lolo! Umestaafu? Au sasa unavua na bibi kama chambo?" Wateja wake wakacheka bila kuelewa. Lolo akapunga mkono. Randall akataka kujua amesema nini. Lolo akasema anawatakia bahati.

Muda ukaenda bila kitu. Pruett alianza kutazama saa, kisha ile boti ya Chano, ambayo ilikuwa imetia nanga na watu wake wameshashuka. Aliuliza, kwa Kiingereza cha adabu mno, kama kapteni ana uhakika na eneo. Lolo akasema ana uhakika, na shingo yake ikawa nyekundu.

Ni Nelda aliyenusa. Harufu ya tikiti maji, lililopasuliwa sasa hivi, Februari, katikati ya ghuba. Akageuza pua huku na huku kama siku ile jikoni. Akaiona: doa la mafuta juu ya maji, si kubwa kuliko kifuniko cha sufuria, linapanuka. Hii harufu aliijua. Ilikuwa inatoka kwenye matumbo mezani kwake, samaki aliyekula muda mfupi uliopita, hakujua tu kwamba inaweza kusimama hewani peke yake. Akaburuta kuelekea kule. Matope, matope, kisha buti likagonga kitu kigumu chenye matundu.

"Mawe," alisema.

"Simama," Lolo alisema. "Daktari, rusha mbele yake. Acha izame. Vuta kama hutaki."

Pruett alirusha. Alivuta kama hataki. Mshipi ukasimama tu, kama umenasa kwenye nguo, halafu ufito ukainama wote na maji yakapasuka. Kichwa kikatoka nje, kinatikisika, mdomo wa manjano wazi kabisa, meno mawili juu. Randall alisema neno moja la kanisani, sio kwa njia ya kanisa. Lolo alisimama kwenye boti kwa mguu mmoja. Polepole, alimwambia Pruett, ana mdomo laini huyo, ukimbana anachanika. Mwache aende. Sasa mrudishe. Mwache.

Akaja mara tatu, akaenda mara tatu. Mara ya nne akaja amechoka, ubavu juu, na boti ilikuwa imeshasogezwa karibu kwa ajili ya kipimo na picha. Mtu wa kumshika alikuwa Nelda. Akapitisha mkono chini ya tumbo kama alivyofundishwa, mwingine nyuma ya kichwa, na trucha akalala mikononi mwake mzima mzima, mzito kuliko alivyofikiria, baridi, anafungua na kufunga matamvua. Madoa yake hayakuwa meusi tu kama kwenye simu. Yalikuwa na rangi ya zambarau pembeni. Tumbo lilikuwa limejaa, na Nelda, ambaye amepasua matumbo maisha yake yote, alijua kwa kiganja nini kipo ndani, na kwa mara ya kwanza hakutaka kuona.

"Inchi thelathini," Lolo alisema. "Zaidi. Mgeuze, mama. Si hivyo. Ngoja."

Miaka yote hiyo, samaki wa namna ile akifika kando ya boti, Lolo ndiye anayeshuka. Mwili wake haukuuliza. Macho yalikuwa kwa samaki, mikono ilishaacha upondo, na mguu wa kulia, na soksi zake na mfuko wake wa nailoni uliochanika kwenye sanduku la barafu, ukavuka ukingo wa boti ukaanza kushuka.

Nelda aliuona. Akaachia.

Trucha akapiga mkia mmoja, mshipi ukalegea, ile ndoano ikaruka tupu hewani ikamgonga Randall kifuani. Maji yakafunga. Pruett alibaki ameshika ufito ulionyooka.

"Mbona umemwachia?" Lolo aliuliza. Sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Nelda. Ulikuwa naye mkononi. Mbona umemwachia?"

"Tazama chini," Nelda alisema.

Akatazama. Kisigino chake kilikuwa kwenye viganja vya mkewe, juu ya maji kwa upana wa kidole. Alikuwa amekishika kwa nguvu, mikono yote miwili, kucha zimegeuka nyeupe, mabega yanatetemeka kwa uzito wake. Amekishika tangu samaki anaondoka, amekishika muda wote Lolo anauliza. Na Lolo alikuwa hajui.

Mwari alipita.

"Kapteni," Pruett alisema, "ulisema umeteguka."

Lolo alifungua mdomo. Nelda akamwahi, kwa Kiingereza chake cha gatini, ili asiongeze uongo mwingine juu ya ule.

"Hajateguka. Mguu umeungua kwenye hita na hakusikia. Nyayo zake hazisikii kitu, tangu mwaka juzi."

Usoni mwa Pruett ilionekana anarudi nyuma kimawazo, mwaka jana, mwaka juzi, siku hii na ile.

"Ulikuwa unanitanguliza. Ulisema ni heshima ya mteja."

"Nilikuwa naangalia magoti yako, daktari," Lolo alisema.

"Kwa hiyo nimekuwa nalipa niwe fimbo ya kipofu." Pruett akatazama maji kiunoni mwake. "Na kama ungeniingiza kwenye shimo?"

"Ningekuona unazama."

Randall akacheka, peke yake, akajuta. Pruett hakucheka. Alisema mambo ya pesa watayazungumza gatini, na ya mwaka ujao asiulizwe leo. Alikuwa na haki, na Lolo alitikisa kichwa kukubali kila neno. Kisha akafanya kitu ambacho Nelda hakukitegemea. Akainama, akaushika mguu wake kwa mikono yake miwili, akauchukua kutoka kwa mkewe kama mtu anayepokea mzigo wa mwenyewe, akaupandisha, akaulaza juu ya sanduku la barafu. Akaukagua. Mkavu. Akavua koti lake, akaufunika.

"Sishuki tena," alimwambia Nelda kwa lugha yao. "Sisemi leo tu."

Nelda alimtazama kuona kama anaapa au anasikitika. Alikuwa anafanya vyote viwili. Akasugua viganja vyake ambavyo bado vilikuwa na ute wa samaki.

Pruett alikuwa anafunga samaki mwingine wa mpira kwenye mshipi wake. Hasira yake ilikuwa bado ipo, ila vidole vyake vilikuwa na haraka ya jambo jingine kabisa.

"Yule," alisema bila kuinua kichwa. "Alikuwa amelala juu ya nini?" Kisha akainua macho, akayapitisha kwa Lolo, akayasimamisha kwa Nelda.

Nelda akageuka, akaburuta. Wanaume wakamfuata. Boti ikasogea nyuma yao taratibu, Lolo akisukuma upondo akiwa amekaa, shingo imenyooka, macho kwenye mgongo wa mkewe. Bega likashuka. Likainuka. Halafu kiuno cha Nelda kikafanya jambo ambalo Lolo, na miaka yake yote ghubani, hakuweza kulisoma. Alikuwa amesimama, anazungusha mguu mmoja chini ya maji, kichwa amekiinamisha.

"Mchanga?" Lolo aliuliza.

"Hapana."

"Mawe?"

"Hapana."

"Sasa ni nini? Rudi, mama, hapo sijui."

"Hata mimi sijui," Nelda alisema, akaburuta hatua nyingine mbele. "Ngoja nijue."